Bendera yenye dumu la njano

Leo nimerudi nyumbani na vidole vya bluu, koo limekauka. Kipindi pacha, dakika 80, Kiingereza, Kidato cha Kwanza.

Watoto hawa wamesoma miaka 7 kwa Kiswahili, halafu wanavuka lango la sekondari na jiografia, hesabu, fizikia, vyote vinageuka Kiingereza. Wengi hunyamaza miezi kadhaa. Nimechoka kuuliza "Understand?" nikaitikiwa "Yes, Madam" na darasa ambalo limeelewa neno hilohilo tu.

Ndiyo nikajaribu bendera. Wawili wawili, migongo imegusana: mmoja anaeleza bendera ya Taifa kwa Kiingereza, mwenzake anachora anachosikia. Niliichagua kwa kuwa maana zake wanazo tangu shule ya msingi: kijani uoto, njano madini, nyeusi watu, bluu maji. La kusema wanalo, wanahangaika na maneno tu.

Ule mstari wa mshazari uliwashinda jina. Mmoja akauita "black road", na punde darasa zima lilikuwa na barabara. Nikaiacha ipite.

Ugomvi ukazuka hapo. Kwa wengine barabara inapanda kutoka kushoto, kwa wengine inateremka. Wa dirishani wakaapa kwamba wanaiona kwa macho yao, ile pale mlingotini, inateremka! Nikachungulia. Kweli bwana. Upepo wa ziwani, huku kwetu Mwanza haukosi, ulikuwa unaipepeza kuelekea kushoto kwetu, kwa hiyo tulikuwa tunaitazama kwa nyuma. "Left of who?" akafoka binti mmoja, tena kwa Kiingereza, bila kuombwa. Walibishana hadi wakakubaliana: "Start down, near the pole." Kushoto kunategemea umesimama wapi, mlingoti hauhami. Wataalamu wa bendera nao husema hivyohivyo, upande wa mlingoti na upande unaopepea. Sikuwaambia mimi.

Kisha kila kundi likabuni bendera yake. Simba walikuja wanne, mmoja amefanana kabisa na mbwa wa jirani yangu. Vijana wa nyuma walitaka bunduki, hoja yao Msumbiji wanayo. Nikawakumbusha kwamba kwenye ile ya Msumbiji kuna jembe na kitabu pia. Wakaongeza jembe. Kitabu wakakikataa.

Kundi la mwisho lilichora dumu la maji, kubwa, limejaa bendera nzima. Chini yake: "Our flag has jerrycan big yellow." Kosa hili nimelisahihisha miaka nenda rudi kwa wino mwekundu, na leo ndipo nimegundua kwamba "kubwa la njano" limekaa sawasawa kama Waingereza wanavyolipanga. Kinachotakiwa kuhama ni dumu peke yake. Nikachukua mkasi, nikalikata neno "jerrycan", nikalibandika kwa selotepu mwisho wa mstari. Nafasi iliyobaki wazi wakaijaza wenyewe kwa "a".

Nikawauliza, kwa nini dumu?

"Because water come Thursday, Madam."

Ile "s" nitawadai Jumatatu. Leo ndiyo Alhamisi, saa mbili usiku, madumu yangu matatu yamepanga foleni uani na bomba linakoroma tu.