Kwa Nini Siingizi Tena Maua ya Lili Nyumbani

Jioni moja nilimkuta paka wangu ameketi kando ya jagi la maua akijiramba ubavu, na juu ya manyoya yake meupe palikuwa na vumbi la rangi ya machungwa iliyokolea. Ilikuwa chavua ya lili. Hakuwa ameng'ata hata jani moja, maana shada lilikuwa zima kama nilivyoliweka asubuhi. Alipita tu chini ya maua yaliyochanua, chavua ikamwangukia, naye akafanya lile ambalo kila paka hulifanya akichafuka. Nilimfuta kwa kitambaa kibichi, nikamfunga taulo asiendelee kujiramba, na usiku uleule nikampeleka kwa daktari wa mifugo, ambako alilazwa na kutundikiwa dripu kwa siku mbili. Figo zake zilisalimika.

Ninazungumzia lili halisi, za jenasi ya Lilium, pamoja na zile za Hemerocallis ambazo ua lake hudumu siku moja tu. Kwa paka, kila sehemu ya mimea hiyo ni sumu: petali, majani, shina, chavua, hata maji ya jagini. Mbwa akila lili huenda akaumwa tumbo, lakini figo zake haziharibiki. Paka huharibikiwa figo kwa kiasi kidogo sana, kile kinachoshika kwenye manyoya na kulambwa.

Linalonitisha zaidi ni mwendo wa sumu hiyo. Katika saa 12 za mwanzo paka hutapika, hutokwa na udenda, hukataa chakula na kujikunyata pembeni. Kisha anaweza kuacha kutapika na kuonekana amepata nafuu, na hapo ndipo mwenye paka hushusha pumzi na kuahirisha safari ya kwa daktari, wakati ndani ya mwili figo zinaendelea kufa. Kati ya saa 24 na 72 hushindwa kufanya kazi, na mkojo ukishakoma matumaini huwa madogo. Matibabu yakianza kabla ya saa 18 kupita, paka wengi hupona. Kwa hiyo usingoje dalili: ukiona chavua kwenye manyoya au jani lililotafunwa, ondoka na paka wako, na uchukue kipande cha mmea au picha yake ili daktari aone ni mmea gani. Nakusihi usimnyweshe mafuta wala chumvi ili atapike, kwani mafuta huweza kuingia mapafuni na chumvi yenyewe humdhuru.

Majina nayo hupotosha. Ile Spathiphyllum yenye ua jeupe kama tanga huuzwa kwa jina la lili ingawa si lili. Yenyewe, pamoja na Dieffenbachia, Philodendron na Monstera, ina fuwele kali kama sindano zinazomchoma paka mdomo na ulimi, jambo lenye maumivu lakini ambalo mara nyingi haliui. Mmea ninaouogopa karibu sawa na lili ni Cycas, wa jamii ya mitapo, unaofanana na mnazi mfupi wa kwenye chungu. Sumu yake huharibu ini, na mbegu zake ndizo mbaya kupita sehemu nyingine.

Wengi hunishauri niweke maua juu ya kabati. Paka hupanda kabati, na chavua huanguka hadi sakafuni. Kutafuna majani ni tabia yake ya asili, kwa hiyo badala ya kumgombeza nimempandia ngano kwenye bakuli pana karibu na dirisha. Huota katika siku chache, naye huenda pale kila asubuhi, akainamisha kichwa upande mmoja na kuyakata yale majani mororo kwa magego yake, taratibu, jani baada ya jani.