Nilivyoupima mfuko wa majengo: changamano au la?

Niko idara ya uzingatiaji wa sheria, katika kampuni ya Uingereza inayouza vipande vya mifuko ya uwekezaji mtandaoni bila kutoa ushauri. Mteja akichagua mfuko usio changamano, sisi tunatekeleza agizo lake basi. Ukiwa changamano, lazima kwanza tupime kama ana ujuzi na uzoefu wa kuuelewa. Watu wa mauzo hawayapendi maswali hayo. Wanasema yanafukuza wateja.

UCITS, yaani mifuko ya rejareja inayofuata kanuni za pamoja zilizotoka Umoja wa Ulaya, hazinipi shida. Chini ya MiFID II, sheria ya masoko ya uwekezaji iliyotoka Umoja wa Ulaya na kuanza kutumika Januari 2018, zote si changamano isipokuwa zile za muundo maalumu, zinazolipa kwa fomula katika tarehe zilizopangwa. (UCITS iliyosheheni derivativu, yaani mikataba ambayo thamani yake hutegemea mali nyingine, inapita hivihivi, jambo ambalo sijawahi kulikubali moyoni.) Safari hii mezani kulikuwa na mfuko wa rejareja usio wa UCITS, unaomiliki maofisi na maghala. Kwa mifuko ya namna hii FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha Uingereza, haina jibu la jumla: kila mmoja unapimwa kwa vigezo vilivyotoka Kifungu cha 57 cha kanuni ya Umoja wa Ulaya 2017/565.

Vingine nilivimaliza upesi. Mteja hawezi kudaiwa zaidi ya alichoweka, na hakuna sharti la kuugeuza mfuko kuwa kitu kingine. Kazi ilikuwa kwenye kutoka. Waraka wa mfuko ulisema mteja anaweza kurudisha vipande na kulipwa kila siku ya kazi, kwa bei inayotegemea mthamini huru. Sawa, lakini ghala haliuzwi kwa siku moja. Julai 2016, baada ya kura ya Brexit, mifuko kadhaa ya majengo ilisimamisha malipo. Machi 2020 hali ikajirudia, wathamini wenyewe wakisema bei hazina uhakika. Tena, wengi wakitoka kwa pamoja meneja anaweza kushusha bei ili gharama za kuuza majengo zisiwaelemee wanaobaki, na kigezo kimoja kinauliza hasa hilo: je, makato ya kutoka yanamfungia mteja ndani?

Nikaandika: changamano.

Mkuu wa mauzo alikuja juu. "Mbona wenzetu wanauuza bila maswali?" Nikamfungulia aya ya kusimamisha malipo, nikamwomba anieleze kama mteja wa kawaida angejua atalipwa lini. Akasoma, akarudia. Kilichobaki ikawa kubishana kuhusu idadi ya maswali tu.