Leseni ya pikipiki California: nilivyoipata bila kulipia kozi

Kuna mshkaji hapa Sacramento alinikazania eti leseni ya pikipiki California bila kozi haipatikani, niandae kama dola mia nne hivi. Uongo mtupu. Kozi ni lazima kwa walio chini ya miaka 21, mtu mzima unafanya mtihani wa maandishi DMV, ofisi ya serikali ya leseni na magari, wanakupa pemiti, halafu unaenda kuendesha mbele yao. Pemiti ina masharti: usiku hapana, frii-wei, zile barabara kuu za kasi, hapana, abiria hapana. Mtu niliyepiga boda Mwanza miaka kibao nanyimwa abiria, jamani, nikavumilia tu.

Shughuli iko kwenye duara. Wamechora mistari chini, unaingia katikati yake unazunguka polepole kama konokono, tairi lisitoke nje na mguu usiguse chini, yaani mbwembwe za boda hazikusaidii kitu. Nikaazima Yamaha TW200, kapikipiki kepesi kenye matairi manene, maana ukifaulu nayo unapewa leseni ya daraja la M1 ile ile ya wenye mapikipiki makubwa! Nikachora duara langu kwa chaki kwenye parking ya kanisa, ibada ikiisha watoto wananishangilia. Siri ni klachi nusu, mkono wa mafuta usiuchezee, mguu wa kulia unabana breki ya nyuma kidogo tu, macho yatazame upande wa pili wa duara, ukiangalia tairi umekwisha. Siku ya mtihani nilizunguka mpaka msimamizi akatabasamu.

Mshkaji yule yule akaja tena, eti ninunue pikipiki ya krosi ya bei poa, nifunge taa na indiketa nitapewa pleti. Nikainama kusoma kibandiko kwenye fremu: ya nje ya barabara tu. Hiyo unapewa stika ya kijani, dola hamsini na kitu kwa miaka miwili, na ni ya porini tu, mtaani huendi nayo. Nikachukua ya kote kote, ya barabarani na porini, ina pleti na bima, Prairie City, uwanja wa kuendeshea porini, naingia nayo bila stika. Ila egzosi iwe na kizuia cheche, huku moto wa nyika si mchezo, na kelele isizidi desibeli 96.

Halafu huku California kupenya katikati ya magari kwenye foleni ni halali, sheria ipo tangu 2017. Wenzangu wanaogopa, mimi nimekulia humo. Ukivuka kwenda Reno acha, Nevada hawataki. Helmeti vaa kote.