Ukiletewa sirapu ya mepo, usiimalizie kwenye chapati za maji

Jamani ukiwa na ndugu Kanada akakuletea sirapu ya mepo (maple syrup, ile inayotokana na maji ya mti wa mepo), usiimwage yote kwenye chapati za maji. Najua kwenye TV ndo tunavyoona, pankeki zimepangwa juu kwa juu alafu sirapu inachuruzika, ila ukifanya hivyo unaambulia utamu tu, ile harufu yake ya karameli inapotea. Hii kitu inataka chumvi, uchachu au uchungu.

Mi naanza na mtindi. Ule mzito wa kienyeji, sio wa pakiti wenye vanila, unatia kijiko kimoja cha chai unakoroga, basi. Uji wa ulezi uliochachuka kidogo nao unaikubali sana, ila epua kwanza ndo utie, maana ikichemka muda mrefu harufu inaondoka na unabaki na sukari ya bei mbaya.

Na bei ina sababu. Ni maji ya mti, yana sukari kama asilimia 2 tu, kwahiyo kupata lita 1 ya sirapu wanachemsha kama lita 40! Wanatoboa miti mwisho wa baridi, kipindi usiku kunaganda na mchana kunayeyuka, wiki chache tu msimu umeisha. Sehemu kubwa ya sirapu yote duniani inatoka jimbo la Quebec na wana mpaka ghala la akiba, ambalo kati ya 2011 na 2012 wezi walilichota wakaondoka na karibu tani 3,000. Sie huku Moshi tumezoea kusikia wezi wa kahawa shambani, kumbe wenzetu nao wanalinda sirapu.

Sasa kitimoto. Hapa ndo penyewe. Chukua mbavu, loweka na ndimu, tangawizi, kitunguu swaumu, chumvi na pilipili mbuzi, ziache hata usiku kucha, choma taratibu kwenye mkaa usio mkali mpaka ziive kabisa, alafu zikikaribia kutoka ndo unapaka sirapu kwa brashi, unageuza, unapaka tena. Ukipaka mapema sukari inaungua inakuwa chungu na utamlaumu mchomaji bure. Kama huli kitimoto fanya na mbuzi au mabawa ya kuku, mabawa yanapendeza zaidi.

Ndizi mzuzu zilizoiva nazo, kaanga na siagi, nyunyiza chumvi, sirapu kidogo mwishoni. Kahawa yetu ya mlimani pia, badala ya sukari, japo baba yangu mdogo anasema huko ni kuiharibu kahawa na sitabishana nae.

Ukinunua dukani soma lebo, ya ukweli ina kitu kimoja tu, sirapu ya mepo. Ukiona sirapu ya mahindi na rangi, hiyo ya pankeki tu, rudisha rafuni. Yenye rangi nyepesi peleka kwenye mtindi, nyeusi ina ladha nzito, hiyo ya nyama.

Ukishafungua weka friji, nje inaota ukungu. Kwenye friza haigandi ikawa barafu, kwahiyo kama una chupa ya pili itupie humo mpaka Desemba, watu wakipanda toka Dar kuja Krismasi mbavu ziwe na kitu cha kupakwa.