Siku moja na armadilo, ufuoni Florida

Saa 10:30 alfajiri. Chai ya rangi, tochi ya mwanga mwekundu, glavu. Nimekulia Mafia, kasa nawajua tangu utotoni; armadilo, mnyama mwenye gamba gumu mgongoni, nimemkuta huku Marekani.

Saa 12 asubuhi. Nakagua viota. Ni Julai, duvi, aina ya kasa, bado wanataga. Kiota cha tatu kimefukuliwa, maganda yametapakaa. Mchangani, katikati ya nyayo, kuna mstari: mkia umeburutwa. Ni armadilo. Duvi mmoja huacha mayai kama 100 shimoni, kisha anarudi baharini na hamuoni mtoto hata mmoja. Inaniuma kila mara. Mayai mazima nayafukia, juu natandika wavu wa chuma wenye matundu ya kuwapitisha watoto wakianguliwa.

Saa 3. Dada yangu wa Kilindoni ameona picha niliyomtumia: "Kaka, si huyo kakakuona?" Namjibu hapana, hata undugu hawana. Magamba ya kakakuona ni kama kucha zetu. Chini ya gamba la armadilo kuna mfupa ulioota ndani ya ngozi. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Katikati ya karne ya 19 alishavuka mto Rio Grande kuingia Texas. Hapa Florida aliletwa na watu: miaka ya 1920 na 1930 wengine walitoroka vizimbani, wengine wakaachiwa. Hakuomba kuja, na hilo silisahau ninapotandika wavu.

Saa 8 mchana. Jua kali, armadilo wamelala mashimoni. Barabarani nakuta mmoja amegongwa. Akishtuka huruka juu wima, na gari ambalo lingempita juu linamgonga kwa bampa. Namwondoa kwa glavu, kwani mwili wake wa nyuzijoto kama 34 unafaa vijidudu vya ukoma, na baadhi yao huku wanavyo.

Saa 2 usiku. Nyuma ya vichaka vya ufuoni nawaona wanne, wadogo, wanafukua mabuu ya mbawakawa. Ni mapacha wa yai moja lililogawanyika mara nne. Kwa hiyo wote ni madume au wote majike. Mama yao alipandwa kiangazi kilichopita, kiinitete kikangoja hadi Novemba ndipo kikajishikiza tumboni, wakazaliwa Machi. Macho yao hafifu, nasimama hatua tatu hawanioni.

Upepo unageuka. Mmoja anasimama kwa miguu ya nyuma, pua juu, ananusa kuelekea baharini. Leo nimefunika viota sita.