Kibodi ya kishikwambi changu kigumu ilivyoacha kukatika

Kilichonishangaza kwanza kwenye kishikwambi hiki, kilichoundwa kustahimili mazingira magumu, ni uzito: ukikipachika kwenye kibodi yake unahisi umeshika tofali. Ila skrini inasomeka hata juani, na hilo nimelipenda kweli.

Siku ya nne kibodi ikaanza kukatika. Naandika, herufi hazitoki, taa za vitufe zinazima, kisha inarudi yenyewe. Nikawasha upya, nikaweka draiva mpya (programu inayoendesha kibodi), wapi! Mwishowe nikagundua kwamba nikikandamiza skrini kuelekea kwenye bawaba, inashika. Basi tatizo si programu, ni mguso wa umeme kati ya kibodi na kishikwambi.

Kibodi hizi hupata umeme kupitia safu ya vipini vidogo vya springi. Kiwango cha IP65, yaani kipimo cha kinga dhidi ya vumbi na maji, huzuia vumbi lisiingie ndani ya mashine, lakini vipini viko nje. Nilizima kila kitu, nikabandua kibodi, nikasugua vipini na vibati vinavyovipokea kwa kijiti cha pamba chenye spiriti ya isopropili. Pamba ilitoka nyeusi. Kipini kimoja kilikuwa kimezama. Nikakibonyeza taratibu mara kadhaa, kikainuka. Nikasubiri pakauke kabisa ndipo nikawasha.

Wiki ya tatu hii, haijakatika hata mara moja. Nikitoka kwenye vumbi, napafuta kwanza kabla ya kuunganisha.