Daftari la saini, leseni mbili na redio ya jikoni: tulivyoingia hewani huku Uingereza

Wadau salaam. Kila siku kuna mtu ananiuliza kwenye simu, ile redio yenu ya Kiswahili leseni mliipataje, na kila nikijibu kwa voisi najikuta nimeongea nusu saa chai imepoa, sasa leo naandika yote nimalize kazi. Naishi mji mmoja wa katikati ya Uingereza, sitautaja maana huku tunajuana wote, ila njoo msikitini Ijumaa au kwenye harusi yoyote utasikia Kiunguja, Kimvita, Kibarawa, Kingwana cha ndugu zetu wa Kongo, wote tumo.

Tulianza na Ramadhani. Huku kuna leseni ya muda mfupi, unapewa masafa ya FM kwa eneo dogo kwa wiki chache, na jamii nyingi za Kiislamu zinaitumia mwezi ule kwa darsa, adhana ya magharibi na matangazo ya futari. Sisi tukafanya miaka miwili, studio ilikuwa chumba cha juu pale madrasa, maiki mbili na mablanketi tumepigilia ukutani yaue mwangwi. Muda ukiisha tunazima. Mwaka ule wa pili siku ya Idi bibi mmoja wa Kipemba akanishika mkono akaniambia, "Mwanangu, mnatuzoesha halafu mnatuacha mayatima." Nikacheka lakini lilinikaa.

Wazo la kwanza likawa FM ya kudumu. Nikauliza, jibu likaja kwa ule upole wa Kiingereza, unaambiwa hapana na wewe unashukuru. Masafa ya FM yamejaa. Ndo kijana wetu mmoja anayesoma elektroniki akasema kaka achana na FM, angalia DAB ndogo, yaani redio ya kidijitali ya eneo dogo. Mi DAB nilikuwa naijua ya kwenye gari tu, nabonyeza inaongea.

Sasa tuelewane hapa maana ndo penye kesi yote. Kwenye FM kituo kina masafa yake na mnara wake, kila mtu na baiskeli yake. Kwenye DAB ni daladala. Kuna kitu kinaitwa maltipleksi, mtambo mmoja unaobeba vituo vingi pamoja kwenye masafa mamoja, na vituo ni abiria. Mwenye daladala anapewa leseni yake ya ruti, na abiria naye kila mmoja anatakiwa awe na leseni yake mkononi. Waliokuwa Dar ile 31 Desemba 2012 TV za analojia zilipozimwa wakaanza kununua ving'amuzi wataelewa haraka, mambo ni yaleyale, anayerusha mawimbi ni mmoja, mwenye kipindi ni mwingine.

Daladala za zamani zilikuwa mabasi makubwa. BBC walianza DAB mwaka 1995, zikaja maltipleksi za mikoa, nauli yake kwa mwaka redio ya msikiti au ya wazee wa mtaa haiwezi hata kuiota. Aliyefungua njia ni mhandisi wa Ofcom, ndo mamlaka yao ya mawasiliano huku, anaitwa Rashid Mustapha (jina nikalipenda bila sababu), alionyesha kule Brighton kwamba kompyuta ya kawaida na programu za bure zinaweza kufanya kazi ya ile mitambo ya bei mbaya. Mwaka 2015 wakafanya majaribio miji 10, sheria ikapitishwa 2017, na Septemba 2020 Ofcom wakafungua raundi ya kwanza ya kuomba leseni za maltipleksi ndogo, maeneo 25 kwa mpigo, halafu raundi zikaendelea. Eneo letu likatajwa kwenye mojawapo.

Nikaona hapa sasa ni kuonyesha umma uko nyuma yetu. Nikanunua daftari kubwa lile la jalada gumu, nikalizungusha miezi mitatu: misikitini, kanisa la Wakongo, saluni, duka la nyama, msibani pia nilikwenda nalo Mungu anisamehe. Watu wakaweka jina, saini, na namba ya simu, juu ya kila ukurasa nimeandika kwa mkono kwamba namba ni ya kukujulisha redio ikianza. Saini 612. Nilikuwa nalilaza kitandani pembeni yangu kama mtoto mchanga.

Halafu nikasoma vigezo kwa utulivu, ambacho ndo kitu nilipaswa kufanya kabla ya kununua daftari.

Kwenye leseni ya maltipleksi ndogo sheria inawaambia Ofcom wapime mambo manne. Mawimbi yatafika wapi ndani ya eneo. Uwezo wenu wa kuusimamisha huo mtambo kweli, pesa na ufundi. Kama ndani ya kampuni inayoomba yumo mtu wa redio ya jamii. Na ushahidi kwamba kuna wenye vituo, narudia WENYE VITUO, wanaotaka kupanda. Msikilizaji hayumo! Bibi yangu wa Kipemba na saini yake ya kutetemeka hana kifungu. Nikageukia ile leseni ya pili, ya abiria, inayoitwa C-DSP, ni ya redio za jamii za kidijitali, nikidhani daftari litafanya kazi huko, nako hawapimi nani anapendwa, ukitimiza masharti unapewa kwa sababu nafasi siyo ya kugombania kama FM. Yaani daftari lilikosa kazi mara mbili. Mke wangu akasema si bora ungekuwa unanisaidia kupika.

Basi tukaanza upya. Kuendesha daladala peke yetu tusingeweza, na kusema ukweli tusingepewa. Tukatafuta wenzetu: Wasomali wenye redio ya intaneti, mzee mmoja wa Jamaika mwenye redio ya rege ambayo zamani (yeye mwenyewe hasemi ila tunajua) ilikuwa haina leseni yoyote, na Mwingereza mstaafu aliyekuwa redio ya hospitali miaka mingi, huyu ndo alikuwa na subira ya kujaza fomu. Kikao cha kwanza kilichukua saa nne, saa mbili kati ya hizo ni jina la kampuni.

Kazi yangu mimi ikawa barua. Badala ya saini 612 za wasikilizaji nikatakiwa nipate barua kama kumi na kitu za vituo vinavyosema tuko tayari kupanda, tutatumia nafasi kiasi hiki, nauli hii tunaiweza. Hapo nikajifunza hesabu ambayo sikuijua kabisa. Maltipleksi moja ina uniti 864 za nafasi, ndo viti vya daladala, za kugawana. Kwa DAB+ (DAB ya kisasa zaidi, inabana sauti vizuri) na ulinzi wa kawaida wa mawimbi dhidi ya makosa, kituo cha kilobiti 32 kwa sekunde kinakula uniti 24, kwa hiyo vinaenea 36, ukienda kilobiti 48 unakula 36 na vinaenea 24 tu. Kila mtu anataka sauti nzuri na nauli ndogo. Mi nilisimama kidete kwenye 48 kwa sababu tulijaribu taarab kwenye 32, waimbaji sawa unawasikia, lakini ganuni na fidla zikawa zinalia kama ziko ndani ya ndoo, mzee wangu mmoja akauliza hii kanda imelowa?

Ramani nayo usiguse kichwa kichwa. Sisi tulitaka mawimbi yafike mpaka mji wa jirani maana Waswahili wamejaa kule, lakini DAB ndogo hairuhusiwi kufunika zaidi ya asilimia 40 ya wakazi watu wazima wa ile maltipleksi kubwa ya mkoa inayopishana nayo, na kuna kitu wenyewe wanakiita kutoboa matundu. Ukiweka antena yako katikati ya nyumba za watu, hata kama ni wati mia tu, majirani waliokuwa wanapokea kwa shida redio nyingine kutoka mnara wa mbali, redio zao zinazidiwa na kelele yako, zinanyamaza. Kwao umetoboa tundu. Chaguo letu la kwanza lilikuwa paa la ghorofa moja refu ambalo mwenzetu Msomali alikuwa anajuana na msimamizi wake, bei poa, mhandisi wetu akapiga hesabu akasema hapa mtazima nusu ya mtaa, tukahamia kwenye jengo la viwandani pembeni, bei mara mbili. Nilinuna wiki nzima ila alikuwa sahihi.

Aliyeshindana na sisi alikuwa kampuni ya nje ya mji wetu iliyoomba maeneo mengi. Ofcom wanaweka mtandaoni sehemu za maombi zisizo za siri, kwa hiyo nikasoma ya kwao usiku nikiwa shifti ghalani, nikakata tamaa, ramani yao imefika mbali kuliko yetu na hesabu zao safi. Ila ukurasa wa wenye vituo ulikuwa mfupi na wengi siyo wa hapa. Sisi ukurasa ule ulikuwa umejaa hadi redio ya wastaafu wanaopenda bendi za tarumbeta.

Matokeo yakatoka nikiwa ghalani hivyohivyo. Simu ikatetemeka mfukoni, yule mstaafu kaandika neno moja tu la Kiingereza, "Ours". Nikaenda chooni nikasujudu, sakafu yenyewe naijua ilivyo lakini nikasujudu.

Sasa watu wanadhani hapo ndo mwisho. Ukishapewa una miezi 18 ya kuwa hewani, ukishindwa leseni inaota mbawa. Sisi tulitumia 17 na ushee. Mwenye jengo alikaa na mkataba wetu miezi minne bila kusaini wala kukataa, kibali cha antena cha halmashauri kikachukua wakati wake, halafu kichujio kile kinachozuia mawimbi yetu yasimwagike kwenye masafa ya jirani kikaja cha masafa siyo, kikarudishwa. Leseni yenyewe ni ya miaka saba na nadhani mitatu ya maisha yangu ilikwisha pale.

Huku na huku ikabidi tuombe ile C-DSP ya kwetu wenyewe. Fomu yake ni nyepesi ukilinganisha lakini maswali yanachoma. Lazima muwe kampuni, isiyogawana faida, mseme jamii itafaidika na nini na itashirikije, na hayo mliyoandika yanakuwa ahadi kwenye leseni, siyo mapambo. Mi niliandika masaa mengi ya vipindi kwa mbwembwe, mstaafu akanipigia simu akasema, andika mnachoweza kufanya Jumanne ya Februari mvua inanyesha na watu wawili wana mafua. Nikapunguza nusu. Huu ushauri nawapa wote bure.

Kilichotutoa jasho ni lugha. Ukitangaza kwa Kiswahili jukumu linabaki kwako mwenye leseni, huwezi kusema mtangazaji alisema nini sikuelewa. Unatakiwa kuhifadhi rekodi ya kila kilichorushwa kwa siku 42, na wakiitaka uwape. Wakurugenzi wetu wawili hawajui Kiswahili, kwa hiyo tukaunda kamati ndogo ya watu watatu wa kusikiliza, na hawa watatu hawaruhusiwi kuwa watangazaji. Wiki ya kwanza tu ya kutafuta matangazo akaja bwana mmoja na pesa taslimu anataka tutangaze dawa yake ya miti shamba, inatibu kisukari, presha, nguvu za kiume na mikosi. Zote kwa chupa moja. Pesa tulikuwa tunazihitaji wallahi, kodi ya studio ilikuwa inatukodolea macho, lakini kanuni za utangazaji kwenye madai ya tiba hazina mchezo, tukamrudisha. Alikasirika akasema tumeshakuwa Wazungu.

Siku ya kuwasha ilikuwa Jumamosi asubuhi. Fundi kabonyeza, Mjamaika kaweka rege, sisi tukafungua kwa Fatiha halafu taarab ya zamani, nikatulia kwenye gari nasikiliza na macho yananitoka machozi. Nikasubiri simu. Dakika kumi, ishirini, saa nzima. Hakuna anayepiga! Nikampigia yule bibi wa Kipemba, shikamoo, mnatusikia? Marahaba mwanangu, hatusikii kitu.

Kumbe redio ya DAB haijui kama kuna kituo kipya mpaka uiambie itafute upya, na nani wa kuwaambia bibi zetu wabonyeze kitufe gani? Ndo nikakumbuka daftari, liko chini ya kitanda limeshapigwa vumbi. Tukaligawa kurasa watu sita, tukaanza kupiga, namba moja moja, 612. "Shikamoo mama, redio yako iko karibu? Bonyeza palipoandikwa scan. Hapana, siyo hapo, hapo umezima." Tulipiga hadi Jumatatu. Wapo waliokuwa na seti za zamani zisizoijua DAB+ kabisa, hizo hata ubonyeze mpaka kesho kimya, tukachangisha tukawanunulia wazee tisa mpya.

Bibi wa Kipemba alikuwa mmoja wa hao tisa. Nikampelekea mwenyewe, nikaichomeka jikoni pembeni ya jiko, nikaitafutisha, ikashika. Akasikiliza kama dakika mbili hivi anakoroga mchuzi, halafu akaniuliza huyu anayesoma habari ni mtoto wa nani, mbona anameza maneno.